Kutoka Mashamba mpaka ku nganda: tulifuata maji kwa miguu

Picha ilifika mu WhatsApp dimanshi magharibi. Ndugu yetu anayekaa Liège, kule Ubelgiji, amesimama kando ya maji mapana yaliyonyooka kama rula, na nyuma yake boti refu la mizigo linapita polepole. Chini aliandika: «Leo tumetembea saa tatu kandokando ya Canal Albert, tumemalizia ku kafé.» Picha ya pili ilikuwa ya glasi ya bia, povu vidole viwili.

Sisi tuliokuwa tumekaa pamoja tulicheka. Si kwa sababu ya bia. Ni kwa sababu mtu yeyote aliyeishi Luilu atakuambia kwamba Canal Albert iko kwetu.

Ile ya Ubelgiji ni kazi kubwa. Walianza kuichimba mwaka 1930, wakaimaliza 1939. Ni karibu kilomita 130, inaunganisha Liège na bandari ya Antwerpen, na imepewa jina la mfalme Albert wa Kwanza. Yetu haiwezi kubeba hata mashua ya karatasi. Ni mfereji unaotoka upande wa usine ya Luilu na kushuka mpaka mto Luilu. Luilu inaingia Musonoi, Musonoi inaingia Lualaba, na Lualaba kila mtoto wa masomo anajua inakwenda kuwa mto Kongo wenyewe. Kwa hiyo mfereji wetu mdogo unafika mbali kuliko ule mkubwa wa Liège. Hilo tulimwandikia, na yeye akajibu: «Basi tembeeni na nyinyi, mutume picha.»

Njo vile tulijikuta dimanshi iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, tumesimama Kapata na viatu vya matope. Tulikuwa wanne. Wawili ni wa kurasa hii. Wa tatu ni shofa wa kamyo ya madini, daktari amemwambia atembee kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na yeye huwa anatembea akiwa amekaa. Wa nne ni mzee ambaye parcelle nzima wanamwita Nkambo, nasi tunamwita vile vile. Nkambo hakutumika Luilu. Alitumika miaka mingi mu usine ingine ya shaba, mbali na hapa. Jina lake hataki liandikwe, na jina la usine pia hataki. Alikuja Kolwezi kukaa kwa mtoto wake baada ya kufunga kazi. Alipoulizwa kama magoti yatavumilia alijibu: «Magoti ni ya kwangu. Munifuate tu.»

Mpango ulikuwa rahisi: kuanza upande wa Mashamba, ambako maji yanatolewa chini ya ardhi, kufuata njia yake kadiri tunavyoruhusiwa, kumalizia Luilu ku nganda.

Jina la Mashamba linachekesha ukilifikiria. Mgeni wa Dar es Salaam akisikia mtu «anatumika Mashamba» atasema huyu analima mahindi. Hapa kwetu wanajua huyo ana kofia ya kazi, ma-botte, na zamu ya usiku. Mashamba Est iko ndani ya konsesioni ya KCC. Mashamba Ouest, pamoja na Dikuluwe, zilitoka KCC na kurudi mikononi mwa Gécamines mwaka 2008, ili ziingie katika makubaliano na Wachina. Leo ni karieri za Sicomines. Jina moja, waya mbili za kuzunguka, na magarde wa rangi mbili.

Watu wengi wanafikiri adui wa karieri ni jiwe. Nkambo alisimama pale Kapata, akaonyesha upande wa karieri kwa fimbo yake, akasema hapana, adui ni mayi. Ukichimba chini ya usawa wa maji ya ardhini, karieri inakuwa kisima, kisima kikubwa kuliko vyote. Ongeza mvua, maana kwetu inanyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili, na kila tone linaloanguka kwenye ngazi za karieri linateremka chini. Pampu zinatumika usiku na mchana. Siku pampu zinalala, shimo linakunywa.

Na tumeona hiyo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1994 kampuni nzima haikufika hata tani 50,000. Hakukuwa na pesa za vipuri, pampu zikasimama, na KOV ikawa ziwa. Mashamba Est ikawa ziwa. Watoto waliozaliwa miaka ile walikua wakijua mahali pale kama maji tu, si kazi. Kuyatoa maji yale tena kulichukua miaka na pampu nyingi.

Sasa swali ambalo mtu hajiulizi: maji yakitolewa, yanakwenda wapi? Hayapotei. Yanapita mu bomba, mu mfereji, mu bonde, mpaka yanakuta mto. Mji huu una mito miwili iliyofanya kazi kama wafanyakazi, Luilu na Musonoi, na hakuna aliyewapa pensheni. Bonde la Musonoi lilipokea mabaki ya konsantrateri ya Kolwezi kwa miaka mingi sana, matope meupe na ya kijivu yenye shaba na kobalti ambayo mashine za wakati ule hazikuweza kukamata yote. Leo matope yale yana thamani tena: Metalkol inayafukua kwa maji ya presha na kuyasafisha upya. Takataka ya baba imekuwa madini ya mtoto.

Kutoka Kapata tulipita karibu na ziwa Malo. Nani asiyelijua? Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016, ile iliyoifanya dunia nzima ianze kuuliza kobalti ya simu inatoka wapi, ilikuwa na picha za hapa: watu wanasukula mawe, maji mpaka kiunoni. Kusukula ni kazi yenye elimu yake. Unatia mawe mu mfuko ao mu chekeche, unatikisa, udongo unaondoka, jiwe zito linabaki, na macho ya mama aliyezoea yanatofautisha heterogenite nyeusi na jiwe bure haraka kuliko mashine ya négociant pale Musompo, ambayo, tuseme ukweli, huwa inasoma vizuri zaidi siku ambayo mnunuzi ameamka na roho nzuri.

Tulitaka kupiga picha ya kwanza ya Liège pale. Tulipotoa simu, garde mmoja alitupigia filimbi kwa mbali. Tukarudisha simu mfukoni. Kando ya Canal Albert ya kule, ndugu yetu anatuambia, njia ya kando ya maji ni ya kila mtu: baiskeli, mbwa, watoto. Kwetu njia ya kando ya maji mara nyingi iko nyuma ya waya. Tulijua, lakini ukitembea ndipo unajua kwa miguu.

Kwa sababu hiyo, hapa tulidanganya. Kati ya Mashamba na Luilu huwezi kukata moja kwa moja, ni konsesioni. Tungetembea kwa kuzunguka, Nkambo angefika kesho yake. Tulipanda moto mbili. Shofa wetu alifurahi kukaa tena, na sisi tunaomba msomaji atusamehe kilomita hizo.

Tukiwa juu ya moto tuliona kwa mbali vilima vya remblais vya upande wa KOV, na hakuna aliyesema kitu. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kule ndani ya konsesioni juu ya wachimbaji wa mikono, na watu wasiopungua 43 walikufa. Shofa alimpoteza mtu siku ile. Aliinua kofia tu, akairudisha kichwani.

Luilu ni cité ya kazi. Usine ilianza mwaka 1960, miaka ya mwisho ya Union Minière, na nyumba zimepangwa mistari kwa mistari, namna ile ile ya Musonoi, ya Kapata, ya Shituru kule Likasi: ukizaliwa mu cité moja unaweza kutembea usiku mu ingine bila kupotea. Wakati wa Gécamines familia zilipata nyumba, posho, hospitali, masomo. «Gécamines njo baba, njo mama», wazee wanasema mpaka leo, wengine kwa kujivuna, wengine kama mayatima. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa départs volontaires uliolipiwa kwa msaada wa Banki ya Dunia. Familia nyingi zilibaki katika nyumba zile zile. Unga haukuja tena mwisho wa mwezi. Wamama wakachukua jembe.

Njo maana mfereji wa Luilu, na mto chini yake, si habari ya samaki tu. Kandokando ya maji kuna bustani. Tulipofika tulikuta vitalu vya lengalenga, kalembula, vitunguu, na mistari ya mahindi juu kidogo. Msichana wa miaka kama kumi na mbili alikuwa anachota na bidon iliyokatwa, anamwaga, anarudi. Tulimsalimia, akatuuliza kama sisi ni wa shirika. Tukasema hapana, tunatembea tu. Hakuamini. Watu wazima wanne hawatembei tu kando ya mfereji dimanshi asubuhi.

Maji tuliyoyaona yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo Nkambo alitukataza kuandika zaidi ya hiyo. Macho, alisema, si laboratwari. Maji ya matope yanaweza kuwa udongo wa mvua tu. Maji maangavu, mazuri, yenye kijani kidogo chini, hayo ndiyo yanaweza kukuua, maana shaba iliyoyeyuka haichafui maji kwa macho. Kwa hiyo hatutasema leo mfereji una nini. Tutasema kilichoandikwa na waliopima.

Mwaka 2012 mashirika mawili ya makanisa ya Uswisi, Pain pour le prochain na Action de Carême, yalichapisha ripoti juu ya Canal Albert, na televisheni ya BBC ikaonyesha mfereji huo huo mwaka ule. Walikuwa wamekuta maji yenye asidi kali, pH chini ya 2. Kwa wasiozoea: pH ni kipimo cha 0 mpaka 14, 7 ni maji ya katikati, na kila namba ukishuka ukali unazidi mara kumi. pH 2 ni kama maji ya limau. Limau unaweza kulamba, lakini hili lilikuwa limau lenye shaba na kobalti ndani yake. Glencore, ambayo KCC iko chini yake, ilijibu kwamba uchafu huo ulirithiwa kutoka miaka ya nyuma na kwamba kazi za kurekebisha zilikuwa zinafanyika. Mwaka 2014 mashirika hayo, pamoja na RAID ya Uingereza, yalirudi na kuandika kwamba tatizo halijaisha, kampuni ilipinga. Majibizano hayo yalifanyika Ulaya, kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Msichana wa bidon hakuyasikia.

Kuna jambo ambalo tulilifikiria sana pale kando ya maji. Canal Albert ya Ubelgiji, ikitoka Liège kwenda Antwerpen, inapita katika wilaya ya Olen. Olen ni kijiji cha kule, lakini ni ndugu ya Kolwezi kuliko anavyojua. Kuanzia 1922 usine ya Union Minière pale Olen ilitengeneza radiumu kwa mawe ya Shinkolobwe, na baadaye ikasafisha shaba na kobalti ya Katanga. Kampuni hiyo leo inaitwa Umicore. Na pale Olen kulikuwa na kijito kidogo, Bankloop, kilichochafuka kwa radiumu na metali kwa miaka mingi. Miaka ya 2000 serikali yao na kampuni walipatana, wakaondoa udongo wa kijito na wa kingo zake, wakauzika mahali palipofungwa. Kijito kidogo, ambacho pengine mtu anakiruka bila kukimbia. Lakini walikisafisha, kwa sababu watu wa Olen walijua ndani kuna nini na walisema.

Mawe yale yalitoka kwetu. Hilo tu.

Saa tano jua lilianza kuuma. Tulikaa chini ya muembe, na Nkambo, bila kuulizwa, akaanza kueleza kazi yake. Tunaiandika kwa sababu vijana wengi wa cité wanapita nje ya usine maisha yao yote na hawajui ndani wanafanya nini.

Unachukua madini yaliyosagwa, unatia asidi ya sulfuriki. Asidi inayeyusha shaba na kobalti, udongo unabaki. Maji yale sasa ni ya buluu. Unayapeleka mu mabwawa ya umeme, umeme unavuta shaba, inajishika ku bati, inakuwa katodi. Lakini mwisho kuna maji yanabaki, na bado yana asidi na metali kidogo. Hayo huwezi kuyatupa hivi hivi. Unatia chokaa. Chokaa inashindana na asidi, pH inapanda, metali zinaanguka chini kama matope, na maji yaliyopoa ndiyo unayaacha yaende. Kazi ya Nkambo ilikuwa pale, ku chokaa, mwisho kabisa wa usine, mahali ambapo wageni wa Kinshasa hawafikishwi.

«Chokaa ilikuwa inakuya na train,» alisema. «Sasa mwaka moya, train ilichelewa siku tatu. Tanki inajaa. Ukisimamisha mayi, unasimamisha usine. Chef akaniambia: fungula. Nilimuuliza mara mbili. Akasema: fungula, weye si injenyeri. Basi nilifungula.»

Alichora kitu kwa fimbo mu mchanga, kama valve, akakifuta.

«Magharibi nilipofika ku nyumba, mutoto wangu alikuwa ameleta samaki, kibeseni kizima. Alikuwa na furaha mingi. Aliniambia: Papa, leo samaki zinajitoa zenyewe.»

Shofa aliuliza kama walikula.

«Bibi yangu alipika. Nilimuambia siko na njala.»

Hakuongeza. Tulikaa kidogo na muembe wetu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakusema, na mmoja wetu alitaka kuuliza, lakini kila mmoja aliyekuwa pale ana mtu mu familia aliyewahi kusikia «weye si injenyeri», na anajua gharama ya kusema: nyumba ni ya kampuni, hospitali ni ya kampuni, daftari la posho ni la kampuni. Tuliamka, tukaendelea.

Kilomita za mwisho tulitembea kimya kuliko za kwanza. Luilu ilikuwa inatoka misa. Wamama na vitambaa, watoto na viatu vya kubana. Nganda tuliyoichagua iko ku kona, viti vya plastiki, paa la bati, kivuli kizuri. Simu ya shofa ilisema hatua 19,000 na akaonyesha kila mtu aliyepita.

Tuliagiza Simba tatu, baridi. Nkambo aliomba munkoyo. Tulimtania kwamba bia ya chupa inatoka Lubumbashi na mayi ya Lubumbashi, hivyo mezani sisi ndio tuliokuwa na usalama, na yeye njo anakunywa mayi ya hapa. Alicheka kidogo. Mama wa nganda akaleta bukari, samaki na lengalenga. Samaki ilikuwa thomson, ile ya friji, inayovuliwa baharini kule Namibia. Tumekaa kati ya Luilu na Musonoi, tunakula samaki aliyesafiri kuliko sisi wote. Hatujui kama kule Liège wanakula samaki wa canal yao. Tutauliza.

Nkambo alinawa mikono, akakata bukari, akaishika bila kuchovya. Akauliza:

«Mama, hii lengalenga inatoka wapi?»

«Kule ku mayi, papa. Ya kwangu mwenyewe.»

«Ku kanali?»

Mama alisimama na mkono kiunoni. «Sasa munauliza leo? Mwaka yote munakulaka.»

Ni kweli. Watu wanakula, na sisi tumekula, mu nganda hii na zingine. Tulitazamana. Tulidhani Nkambo atasema siko na njala.

«Mama, ikala kidogo,» alisema. «Niko na neno.»

Mama alipunguza muziki, akavuta kiti. Nkambo alimwambia yote, samaki, mutoto, valve, chokaa, kama alivyotuambia sisi, lakini kwa haraka zaidi. Mama hakumkata neno. Aliposikia habari ya samaki zinazojitoa zenyewe alitazama upande ambako watoto wake walikuwa wanacheza na vizibo.

Kisha akauliza swali ambalo kwa kweli ndilo lenyewe, na ripoti zote za Ulaya hazijalijibu: «Na mayi ya kunyweshea nitatosha wapi?»

Hapa mazungumzo yalikuwa marefu, tunafupisha. Nkambo hakumwambia aache bustani. Mtu asiye na kitu cha kukupa badala yake hawezi kukuambia acha. Alimwambia kwamba mboga za majani zinashika metali kuliko punje ya mahindi, kwa hiyo kando kabisa ya maji apande mahindi, na lengalenga aipandishe juu, karibu na nyumba. Avute mayi ya mvua ya bati mu fûts, maana mvua ya Kolwezi si haba. Majani ayasukule mara mbili, tatu, kwa mayi safi, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu ni vumbi la barabara ya makamyo lililokaa juu, na hilo linatoka. Shofa alikohoa, kwa sababu ya makamyo.

Mama aliuliza tena habari ya watoto, na hapo sisi tuliingia, maana tulikuwa tumesoma. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walichapisha matokeo ya Kasulo, hapa hapa mjini: walipima mkojo, na watoto waliokaa karibu na mashimo walikuwa na kobalti mwilini kuliko wakubwa wao, na kuliko watu wa mtaa mwingine usio na mashimo. Mwaka 2020 watafiti hao hao wa Lubumbashi wakaandika kwamba watoto waliozaliwa na kilema walikuwa wengi zaidi kwa wababa wanaotumika mu madini. Si kila mtoto, na si kila mchimbaji. Hesabu yao ilifanyika mu hospitali za Lubumbashi. Lakini mama alimgeukia shofa wetu, ambaye hakuwa ameoa mtu pale, akamwambia kama anamgombeza mume: «Mavazi ya kazi inalala inje. Umesikia?» Shofa alisema amesikia.

Hatukumaliza mambo yote. Mama alitaka kujua nani anaweza kupima udongo wa kitalu chake, na bei gani. Ni swali zuri kwa walio na maofisi. Sisi tuliandika katika daftari, na tutalipeleka mahali panapostahili, na tutarudi kumwambia walichojibu, ao kwamba hawakujibu.

Wakati wa kulipa alihesabu chupa tatu, munkoyo, bukari, thomson nne. Lengalenga hakuihesabu. Sahani bado ilikuwa mezani, imejaa, na mtoto wake mdogo alikuwa amesimama karibu anaiangalia. Mama aliichukua, akaingia nayo ndani.

Tulirudi na taxi. Tulipofika mjini, ndugu wa Liège alikuwa ameandika: «Picha ya bia iko wapi?» Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuipiga.